Kipya Kinyemi: Tunavyompokea Rais Mpya

Mhadhara uliotolewa Bagamoyo

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, asalaam alaykum, na shikamooni wote mnaostahili.

Nimeombwa nizungumzie namna sisi wananchi tunavyompokea rais mpya. Tunaangalia nini? Tunaamini nini? Ninachoamini nakisema sasa hivi, ili asiyekubali aanze kutafuta hoja zake mapema. Rais mpya akiingia, mwaka wa kwanza wote hatumwangalii yeye. Tunamwangalia aliyetoka. Sifa tunazompa mpya ni malalamiko yetu juu ya wa zamani, tumeyageuza tu kama mtu anavyogeuza koti upande wa ndani.

Chukueni 1985. Watu wamechoka foleni za sukari na sabuni. Miaka miwili nyuma yake palikuwa na msako wa wahujumu uchumi, mwenye gunia la ziada ndani halali usingizi. Akaja Mzee Mwinyi, mtu wa tabasamu na maneno laini, maduka yakaanza kujaa, na sisi tukambatiza Mzee Ruksa. Jina lile lilibeba miaka yetu yote ya kukatazwa. Ikafika 1995, ruksa ileile imekuwa lawama: serikali imelegea, rushwa imezagaa. Tukamtaka mtu mkavu. Mkapa akaja na Uwazi na Ukweli, akataja mali zake hadharani, akaunda Tume ya Warioba ichunguze rushwa, Mamlaka ya Mapato, TRA, ikaanza kazi 1996. Hakuwa mtu wa kuchekacheka, na tukasema ndivyo rais anavyotakiwa kuwa. Miaka kumi haikuisha tukaanza kunung'unika kwamba anaongea kama anatugombeza.

Kilichofuata mnakijua kuliko mimi, maana kilitoka hapa nyumbani, Msoga. Kikwete alipata asilimia 80 ya kura mwaka 2005. Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya. Nawauliza, ni wangapi humu walimpigia kura kwa sababu ya sera? (Kicheko.) Tulipenda anavyocheka, anavyoshika mikono ya watu, anavyoonekana misibani. Baraza la bao hapa Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo lilikuwa halina habari nyingine. Na ile ahadi ya Maisha Bora kwa Kila Mtanzania ilikaa barazani hapo hapo ikageuka utani taratibu: ukiomba kahawa ya mkopo, muuzaji anakuangalia, anakugongea vikombe, anasema, "Bado, maisha bora hayajafika hapa." Alikuwa anacheka, lakini kikombe hakupi.

Sasa Magufuli. Hapa nikae kidogo.

Aliapishwa Novemba 5, 2015. Kesho yake akatoka Ikulu kwa miguu akaingia Wizara ya Fedha bila taarifa, akakuta viti vitupu. Siku chache baadaye akatokea Muhimbili, wagonjwa wamelala chini, mashine za vipimo hazifanyi kazi, uongozi ukaondolewa. Hela za hafla ya wabunge zikaenda kwenye vitanda vya hospitali. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 zikafutwa, ikawa siku ya usafi nchi nzima, na mimi kwa macho yangu nikaona karibu na soko la samaki wanaume wanafagia ambao nyumbani kwao hawajui fagio linakaa wapi. Jirani zetu Wakenya wakawa wanaulizana mitandaoni Magufuli angefanyaje.

Tulipenda nini pale? Tuseme kweli. Tulipenda kumwona mkubwa akitetemeka. Mama anainua bango mkutanoni, mkurugenzi anaitwa mbele ajibu, au waziri anapigiwa simu, spika ziko wazi, umma mzima unasikiliza. Tamu sana ile. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, na yule mama alistahili jibu lake. Ila mwenye shida ileile kijiji cha pili, ambako msafara haukusimama, alibaki nayo. Ofisi iliyoshindwa kumsikiliza jana ilikuwa ileile kesho. Ukali wa mkubwa mmoja ulifika pale macho yake yalipofika. Elimu bila ada kuanzia Januari 2016 ilimfika hata asiye na bango, kwa sababu ule ulikuwa utaratibu. Haukuhitaji Rais apite. Na kwa ukali uleule tulioupigia makofi, mikutano ya siasa ikazuiwa, magazeti yakafungiwa, tukaanza kuongea barazani tukiangalia nani amekaa pembeni.

Kwa hiyo Machi 19, 2021 alipoapishwa Mama Samia, koti likageuzwa tena. Anaongea taratibu, oh, nchi imepumua. Kiswahili chake cha Kizimkazi, kwao Unguja, kikatuingia sisi watu wa pwani kama anaongea shangazi. Waliokuwa na wasiwasi kama mwanamke ataweza aliwajibu palepale Dodoma, kwenye maziko ya kitaifa, kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais mwenye maumbile ya mwanamke. Wiki chache baadaye akawaambia watoza kodi waache mabavu. Sifa zikamiminika, na nyingi zilikuwa za upole wake. Upole ni tabia njema, lakini mikutano ya hadhara ilikaa imezuiwa mpaka Januari 2023. Nani kati yetu, katika zile siku za kusifia sauti, aliuliza lini?

Wazee wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sina ugomvi na unyemi. Mtu kufurahi si dhambi. Ugomvi wangu ni kwamba tunafurahia mwendo wa mtu wakati ahadi inapita pembeni, hakuna anayeishika. Na sisi watu wa Bagamoyo hatuna haki ya kusahau hili, kwa sababu tunayo bandari.

Hebu tuifuate. Machi 2013, Xi Jinping yuko Dar es Salaam, makubaliano ya awali ya kuijenga yanasainiwa. Wachina, baadaye na Waomani, dola bilioni 10 zinatajwa. Oktoba 2015, uchaguzi umebaki siku za kuhesabika, Kikwete anaweka jiwe la msingi Mbegani. Nyimbo, ngoma, fulana. Juni 2019 Magufuli anasema masharti yale ni mwendawazimu tu angeyakubali: dhamana ya miaka 33, ukodishaji wa miaka 99. Juni 2021 Samia anasema mazungumzo yafufuliwe. Mcheshi aliahidi, mkali akakataa, mpole akafufua. Haiba tatu, na jiwe ni lile lile.

Lakini watu wa Zinga na Mlingotini, kwenye ardhi ya mradi, walikuwa wanaishi. Uthamini wa mali kwa ajili ya fidia ukija unakuwaje? Anakuja mtu na fomu, anahesabu minazi na miembe, nyumba inapimwa, unaweka sahihi au dole gumba. Tangu hapo hupandi cha kudumu, maana hakitahesabiwa. Bati likivuja unajiuliza uezeke nyumba ambayo kesho si yako? Wengine walilipwa, wengine wakabaki wanadai mapunjo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia Rais mpya ni mnyenyekevu, au ni chuma, atakusikiliza kwa adabu. Shida yake inahitaji tarehe. Sheria ya uthamini ya 2016 inaupa uthamini wa fidia miaka 2. Ukipita bila kulipwa, unafanywa upya. Sheria haijali sauti ya kiongozi.

Basi akija mwingine, maana atakuja, kila zama na kitabu chake kama Mzee Mwinyi alivyotuzoesha kusema, mimi napendekeza tumpigie makofi halafu tusubiri Juni. Juni bajeti inasomwa Dodoma, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ahadi ikiwa ya kweli ina kasma humo, yaani fungu lake la fedha, ina kiasi, na ina wizara ya kuulizwa. Isiyo na kasma ni salamu tu, nasi tuitikie kama salamu. Vitabu vile si siri. Mbunge anavyo, na halmashauri yetu ina bajeti yake ambayo madiwani wanaipitisha kwa kunyoosha mikono.

Naona diwani yupo pale safu ya tatu, ameangalia saa mara mbili. Mheshimiwa, usiondoke. Nadhani swali la kwanza litakuwa la kwako.