Miaka Miwili Bila Neno

Ndugu zangu, asanteni. Wenye Biblia wafungue 2 Samweli 13. Habari ya Amnoni na Tamari sisi wahubiri huwa tunaipita haraka, maana ni aibu tupu: mtoto wa mfalme Daudi anajilaza kitandani kama mgonjwa, anaomba dada yake aje amwandalie mikate, halafu anambaka. Leo nina shida na mstari wa 22.

Absalomu, aliyezaliwa na Tamari baba mmoja mama mmoja, hakumwambia Amnoni neno, liwe jema au baya. Mstari wa 23 unaanza: baada ya miaka miwili. Kwenye karatasi hapo katikati hapatoshi hata kidole. Nyumbani kwa Daudi ni miaka miwili ya watu kupishana. Mliolelewa kwenye nyumba yenye ndugu walionuniana mnajua: chai inanyweka, salamu hakuna, na wazee wanasema waacheni, yataisha.

Daudi alikasirika sana. Akaishia hapo. Na Absalomu, nisikieni vizuri, alikuwa na haki! Kaini alimchukia ndugu yake kwa wivu. Huyu alikuwa na dada aliyerudi nyumbani na majivu kichwani, kanzu imeraruliwa. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumwambia aiache chuki yake.

Ikafika sikukuu ya kukata kondoo manyoya, huko Baal-Hasori. Absalomu akamwombea Amnoni ruhusa. Daudi akauliza, aende nawe kwa nini? Swali lenyewe hilo! Akabembelezwa, akakubali. Amnoni alipochangamka kwa divai, watumishi wa Absalomu wakamuua kwa agizo lake, na wana wengine wa mfalme wakapanda kila mtu nyumbu wake, mbio.

Kama shida ilikuwa Tamari, mambo yangeishia pale. Hayakuishia. Absalomu alikimbilia Geshuri kwa babu yake, miaka mitatu. Miwili Yerusalemu bila kuuona uso wa baba. Yoabu, jemadari wa Daudi, alipokataa kuitika wito wake, Absalomu akaagiza shamba la shayiri la Yoabu lichomwe moto. Mwishowe akamwinukia baba yake mwenyewe. Katika msitu wa Efraimu walikufa watu 20,000 siku moja, na sidhani kama kumi kati yao walimjua Tamari kwa sura. Absalomu naye kichwa kilinasa kwenye mwaloni, nyumbu akapita akaenda zake.

Na Tamari? Kaka yake alimwambia anyamaze, akakaa kwake katika ukiwa. Hakuna mahali anaulizwa yeye anataka nini. Ila sura ya 14 inadokeza kitu: Absalomu alizaa binti mmoja, akamwita Tamari. Kwa hiyo jina lile lilikuwa likiitwa mle ndani kila siku, mtoto akiitika. Siku alipoondoka kwenda Hebroni kujitangaza mfalme, alichukua watu 200 waliomfuata bila kujua lolote. Kama aliaga nyumbani, haikuandikwa.