Jinsi ya kutunza majani ya chai yasipoteze harufu, na zile chenga za chini ya kopo usizimwage

Haya wapendwa habari za saizi, karibuni tena jikoni kwangu hapa Tukuyu. Mkisikia kelele nyuma ni mvua inapiga bati, na mvua hiyohiyo ndo imenifanya nirekodi hii video, maana huku Rungwe unyevu hauishi na majani ya chai hayapatani nao kabisa.

Cha kwanza tuangalie tunavyoyaweka. Wengi tukinunua pakiti tunachana kona, tunakunja, tunabana na kibanio cha nguo alafu tunaiacha rafu ya juu ya jiko. Jamani hapana. Majani yakitoka kwenye draya, ile mashine ya kukaushia kiwandani, yanakua yamebakiza maji kama asilimia 3 tu, yani ni makavu mno, kwa iyo yanavuta unyevu wowote yanaoukuta, alafu yanavuta na harufu. Mama mkwe aliniletea kilo nzima kutoka Mufindi, chai nzuri, mimi nikaiweka kabati moja na usipa mkavu wa Kyela na kitunguu swaumu, wiki mbili baadae kila kikombe kinanuka samaki. Niliumia sana, kilo nzima ile.

Sasa chukua kopo la bati lenye mfuniko unaobana, ata lile la maziwa ya unga ni sawa, osha, anika juani mpaka likauke kabisa na lisiwe na harufu yoyote. Kabla hujaweka kitu lijaribu hivi: funga kopo tupu, lizamishe kwenye beseni la maji, ona hapa, vikitoka vipovu ujue linapitisha hewa, tafuta jingine. Kama unatumia chupa ya kioo inabidi ikae kabatini gizani, mwanga unaua harufu. Friji usiweke, kila ukitoa na kufungua majani yanapata umande.

Kingine, gawa. Kopo kubwa lifungwe likae mbali na jiko, alafu toa kidogo ya wiki moja weka kwenye kikopo cha kila siku, na kijiko kiwe kikavu. Hapo kwenye kijiko ndo wengi tunaharibu, umetoka kukoroga chai unakitumbukiza hichohicho.

Yakishika unyevu kidogo lakini hayana ukungu, weka kikaango kikavu moto mdogo, geuza geuza dakika mbili tatu, ipua, acha yapoe KABISA ndo ufunge, ukifunga ya moto mvuke unarudi ndani. Ukiona ukungu au yananuka uvundo tupa yote, usijaribu kuchambua.

Aya tuje kwenye chenga, hapa ndo napapenda. Kopo likiisha chini kunabaki vumbi, na najua mnamwaga. Chai yetu nyingi inakatwakatwa na mashine, alafu inachekechwa kupata magredi, na vumbi lenyewe ni gredi, linaandikwa D1 na linauzwa, sio uchafu. Chembe ndogo zinatoa rangi na ukali haraka sana, ndo maana ukichemsha kama majani ya kawaida inakua chungu unasema chai mbaya, kumbe muda ndo mbaya.

Chekecha na chujio, hivi, chenga zije huku. Mimi nazifanyia chai ya maziwa: maji vikombe viwili, tangawizi uliyoponda na iliki tatu, acha vichemke vizuri, mimina maziwa vikombe viwili, yakianza kupanda ndo weka chenga kijiko kimoja cha chai, hesabu dakika moja na nusu, ipua, chuja na kitambaa safi maana chujio la kawaida linapitisha vumbi. Ona rangi hiyo jamani. Ya rangi pia inawezekana, nusu kijiko kwa kikombe, maji ya moto juu, dakika moja toa.

Chenga zinapoteza harufu mapema kuliko majani mazima kwa iyo usizirundike, tumia hizo kwanza. Makapi yakipoa mimi namwaga kwenye shina la parachichi langu pale nje, au nayaanika yakauke vizuri nayaweka kwenye kibakuli ndani ya friji yananyonya harufu ya samaki. Ngoja nimimine hii kabla haijapoa, watoto wanarudi shule na wameloa.