Shimo Jipya Halina Harufu

Mwangaluka, mafundi! Haya, walioitikia ni wa Magu na Misungwi. Nyie wengine mmekaa Mwanza mjini mpaka mmesahau salamu ya Kisukuma.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie kanuni za ujenzi wa septiki za majumbani, mashimo ya majitaka ya choo. Tutafika. Ila wanaonijua wanajua naanzia wapi, na aliyekwisha kunisikia avumilie, maana kila nikisema hili sasa limetosha, napigiwa simu.

Mbao. Zile mbao za chini ya slabu, lile zege la kufunika shimo.

Umechimba, umejenga, umepiga lipu. Umefunga mbao na mirunda, umesuka nondo, umemwaga zege, ukaacha kitundu cha mfuniko. Ukaenda zako. Baada ya wiki mbili unazitaka mbao zako kwa kazi nyingine Buhongwa, unamwambia saidia fundi: "Dogo, shuka ung'oe." Choo hakijaunganishwa. Hakuna kinyesi, hakuna harufu, chini kuna maji kidogo ya mvua tu. Nani ataogopa shimo safi namna hiyo?

Mimi sikuliogopa. Ilikuwa nyumba moja kule juu Bugarika, enzi hizo bado nina nywele. Dogo akashuka na nyundo na tochi. Nikasikia nyundo mara mbili, mara tatu, halafu kimya. Nikaita. Nikachungulia. Tochi imeanguka lakini inawaka vizuri kabisa, inamulika ubao na kiganja cha mkono wake. Kiganja hakitikisiki. Nikaweka mguu kwenye ngazi. Mama mwenye nyumba akanidaka ukosi wa shati kwa nyuma: "Nawe unakwenda wapi? Huyo si alishuka mzima?" Nikamtukana, Mungu anisamehe. Hakuniachia. Tukaivunja slabu kwa nyundo ya mawe, na zege la wiki mbili mnalijua lilivyo. Tulipomfikia alikuwa ameshakufa. Yule mama asingekuwa na mkono mgumu, tungezikwa wawili.

Sasa nini kilimuua, na kinyesi hakuna? Mbao zenyewe. Ubao mbichi ukilowa unaoza, na vijidudu vinavyouozesha vinavuta oksijeni kama wewe. Shimo limefungwa, hewa haizunguki. Humu ukumbini oksijeni ni karibu asilimia 21. Mle ndani inaweza kushuka mpaka mtu akavuta pumzi chache tu akazimika. Hakohoi, hapigi kelele. Ndiyo maana anayekufa wa pili ni anayekimbilia kumwokoa wa kwanza, na wa tatu ni shemeji yake.

Najua kuna mtu hapa anajisemea, sisi huwa tunashusha kibatari kwanza, kikizimika hatuingii. Nimekisikia hicho kibatari miaka na miaka. Kwenye shimo jipya kinaweza kukwambia oksijeni imepungua sana. Kwenye shimo lililotumika kuna methani, ambayo inalipuka. Umepeleka moto kwenye gesi kwa mkono wako. Na kuna haidrojeni salfaidi, ile ya yai viza, ambayo kibatari hakiioni kabisa. Hiyo ina ujanja wake: ikizidi, inaua pua kwanza. Harufu inapotea, unasema "afadhali, sasa pametulia," unashuka. Wengine wanajifunga kitambaa puani. Kitambaa kinaongeza oksijeni? Na wale wanaoshusha pampu ya petroli ndani ya shimo ili wakaushe maji, moshi wake nao unaua. Pampu ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, mpira ndio ushuke.

Ninachowaomba ni kitu kimoja: jengeni septiki ambayo, ikishafunikwa, hakuna mtu atakayehitaji kuingia tena. Slabu msiimwage juu ya mbao. Mwageni vipande chini, uwanjani, juu ya nailoni. Kipande cha urefu wa mita 1.8, upana sentimita 45 na unene sentimita 10 kina uzito wa karibu kilo 200. Vijana sita wanakibeba kikishakomaa. Weka ndoano mbili za nondo za kunyanyulia. Pangeni juu ya kuta, zibeni maungio kwa mota. Mbao ulizotumia ni za pembeni tu, ziko juani, hakuna wa kuzifuata shimoni. Na kila chumba cha septiki kiwe na mfuniko wake, ili gari la majitaka liingize mpira na tope litoke bila mtu kushuka na ndoo.

Mtaniambia vipande vinavuja. Vinavuja kwa anayeziba kwa mchanga. Mtaniambia bosi anataka slabu moja ya kuegesha gari juu yake. Mwambieni aegeshe pengine!

"Lakini mimi si kampuni, ni fundi wa mtaani." Hapo ndipo nakasirika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Uliyemlipa yule dogo elfu kumi ni wewe, na uliyemwambia shuka ni wewe. Wakija kuuliza, hawataanza na mwenye nyumba.

Naonyeshwa dakika tano. Haya, kanuni.

Kibali cha ujenzi kwanza, Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, na afisa afya aone shimo kabla halijafunikwa, si baada. Ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ziwani, na wanaojenga septiki kwenye mchanga wa ufukwe wakumbuke kwamba maji ya bomba tunayavuta ziwa hilohilo, Capri Point na Butimba. Mabomba ya majitaka yakipita karibu, kama Mabatini na Igogo, unganisheni huko, acheni kuchimba.

Milimani mwamba uko karibu mno. Shimo la kunyonya, lile linalopokea maji ya septiki, likichimbwa kwenye jiwe halinyonyi. Maji yanafuata nyufa yanatokea jikoni kwa jirani wa chini. Jaribuni kwanza: chimba kishimo, kilowekwe usiku kucha, asubuhi jaza maji upime yanashuka kwa kasi gani. Yakigoma, usimwambie bosi kwamba yatazoea.

Vyumba viwili, cha kwanza kiwe kikubwa, bomba la kutolea liwe chini kidogo ya la kuingizia, na yote mawili yawe na T, kile kiungio cha bomba chenye umbo la herufi T. Bomba la hewa lipite juu ya bati. Kutapisha choo mvua ikinyesha, kwenye mtaro unaoshuka mto Mirongo, hilo nilitaka lichukue nusu saa na sina hata dakika.

Maswali baadaye. Nyuma ya ukumbi kuna vipande vinne nilivyomwaga wiki tatu zilizopita na kuta nne za tofali zinazovisubiri. Nataka vijana sita, wenye viatu. Wewe wa kandambili, kaa pembeni utazame.