Mtoto Wenu Mlinganisheni na Yeye Mwenyewe

Ndugu wazazi, hili nimelisema mpaka koo limekauka na leo nalirudia: kijana mwenye ugonjwa wa ulaji, yaani anayejinyima chakula, msimpime kwa mtoto wa jirani. Mlinganisheni na yeye mwenyewe alivyokuwa.

Chukueni binti wa miaka 14, urefu sentimita 160. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa na kilo 68, leo ana 52. Ukipiga hesabu ya uzito kwa urefu (BMI: kilo gawanya kwa urefu wa mita mara urefu huohuo) unapata 20 na ushei, ambayo kwa umri wake ni kawaida kabisa. Mhudumu anasema yuko sawa. Shangazi anamwambia amependeza. Haya, mlazeni atulie dakika tano, kisha mhesabu mapigo ya moyo: 44 kwa dakika. Hedhi haijaonekana miezi mitatu. Vidole vya baridi mchana wa jua kali, nywele zinabaki kwenye kitana. Huyo ni mgonjwa, na moyo wake unaweza kuwa hatarini sawa na wa yule aliyebaki mifupa mitupu. Kilo 16 zimetoka kwenye mwili uliotakiwa kuongezeka!

Ndiyo maana nawasumbua na kadi za kliniki. Najua zinaishia miaka 5 na wengi mmeshazitupa. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za ukuaji za miaka 5 hadi 19 mwaka 2007. Mwombeni mtaalamu wa lishe awachoree mstari wa mtoto kwa vipimo vyovyote mlivyo navyo. Aliyepanda siku zote kwenye mstari wa juu akashuka ghafla hadi wa katikati, ameporomoka, hata kama katikati panaitwa kawaida. Na lengo lenyewe la uzito halisimami mahali pamoja. Kilo zilizomtosha akiwa na miaka 13 hazimtoshi akiwa na 15 na amerefuka. Daktari akikupa kilo za kulenga, muulize zitaangaliwa upya lini.

Mtaniambia haya ni maradhi ya Wazungu. Hapana! Hapa Dar es Salaam yapo Mikocheni kwa wenye nazo, yapo Mbagala kwa wa kipato kidogo, na wavulana wanayo. Mwingine atasema, "Anafunga tu." Kufunga kuna futari, ndugu zangu. Aliyefunga, adhana ya magharibi ikilia mkono unakwenda kwenye tende. Huyu wenu anakoroga uji mpaka unapoa, halafu anasema ameshiba.

Kupima uzito kwenyewe: mara moja kwa wiki yatosha, mizani ileile, asubuhi, ameshakojoa, nguo nyepesi. Wapo wanaokunywa maji kupita kiasi kabla ya kupanda, au wanaficha kitu kizito mfukoni. Kama namba inamtia kiwewe, apande akiipa mizani mgongo, asome mtaalamu. Na kilo zake zisitajwe sebuleni mbele ya wageni.

Nilitaka kueleza utafiti wa hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, ulioonyesha kwamba kwa vijana ambao ugonjwa haujakomaa, tiba inayoishirikisha familia husaidia zaidi. Muda hautoshi.

Ila hili msiondoke bila kulisikia. Aliyekaa siku nyingi bila kula vizuri msimshindilie chakula kwa mkupuo: fosfeti, madini ambayo moyo na misuli huyahitaji, hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Aanze kulishwa chini ya macho ya hospitali. Na akizimia, au mapigo yakiwa chini ya 50 mchana, au akikataa hata maji, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.