Ngoma ya Mtemi Kwenye Kioo cha Simu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Leo nataka tuzungumze juu ya makumbusho ya mtandaoni: yanatupa nini, na yanatunyima nini.

Mwaka jana nilimwonyesha mjomba wangu picha ya ngoma ya utemi kwenye simu. Akaitazama kidogo, akasema, "Ngoma hiyo," akanirudishia simu. Wiki iliyofuata tukapanda daladala hadi Kisesa, karibu na Mwanza, tukaenda Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Tulipoingia katika lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi na kuzifikia ngoma zenyewe, mjomba alivua kofia. Akanyamaza. Kisha akaanza kusimulia usiku mmoja wa utotoni alipoisikia ngoma kama hiyo ikilia, na baba yake alivyowaamsha wote nyumbani. Aliyekuwa akitutembeza akaacha maelezo yake, akakaa kumsikiliza.

Ngoma ni ile ile. Kwenye kioo, kila kitu hutosha kiganjani. Makumbusho ya Louvre, Ufaransa, yaliweka mtandaoni kumbukumbu za vitu zaidi ya 480,000 mwaka 2021, lakini huko Mona Lisa, yenye kimo cha sentimita 77 tu, huonekana sawa na sanamu inayomzidi mtu urefu. Mwili wako haujui usimame wapi.

Hata hivyo siudharau mtandao. Mwaka 2022 Rijksmuseum ya Amsterdam ilitoa picha ya mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642, Night Watch, yenye pikseli bilioni 717. Unaona hadi nyufa za rangi. Ukienda kwa miguu, hakuna mlinzi atakayekuruhusu usogee hivyo. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: vitu vingi vya nchi hii vilichukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani, na hadi leo maelfu viko Berlin. Kijana wa Ukerewe anayehesabu nauli ya kivuko atavifikiaje? Kwa sasa, kioo ndicho mlango wake.

Ila mlango huo mara nyingi humpokea kwa maneno mawili: "Ngoma. Mti na ngozi." Nani aliipiga, ililia lini, watu walifanya nini waliposikia, hakuna. Na mjomba angetaka kuyasema hayo, angeyasemea wapi?

Kwa hiyo tukijenga makumbusho yetu ya mtandaoni, tusianze na kamera. Tuanze na wazee, tuwarekodi kwa Kisukuma chao, tafsiri ifuate. Tuwaachie watazamaji mahali pa kujibu na kusahihisha. Picha ziwe nyepesi, maana bando linauma. Na msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanaposhindana pale Bujora, turekodi na kelele za mashabiki, kwa sababu bila mashabiki mashindano hayo hayapo.

Nimekuja na kinasa sauti. Tukimaliza nitakuwa pale mlangoni. Mwenye mzee nyumbani aliyewahi kuzisikia ngoma hizi, aje anielekeze kijiji.