Mkataba ni wa Nyumba, Fakitire ni ya Nyumba

Baba na mama, ndugu zangu wa mutueli (vyama vya kuchangia matibabu) za Ibanda, Kadutu na Bagira, leo narudi palepale: mutueli inalipa wapi ukienda kwa daktari bingwa. Sikio likikuuma, usianze na "nani munganga mzuri wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, hapa Bukavu?" Uliza ofisi ya mutueli: tuna mkataba na hospitali gani, na je, ORL imeandikwa ndani yake? Kuna hospitali zenye mkataba wa uzazi na upasuaji, lakini masikio, pua na koo havimo.

Wanaosaini mkataba ni hospitali na mutueli. Mabingwa wa ORL ni wachache, basi mmoja anazunguka: asubuhi yuko hospitali yenye mkataba, jioni yuko kabine yake, yaani kliniki yake binafsi. Mgonjwa anamfuata jioni, anatoa kadi, anadaiwa pesa mkononi, anarudi kutukana mutueli. Najua mtaniambia: "Lakini ni daktari yuleyule!" Ni yuleyule, ndiyo. Fakitire, yaani hati ya kudai malipo, je, ina muhuri wa nani? Mutueli inalipa fakitire ya nyumba, yaani hospitali, iliyokubaliana nayo bei. Bei ya kabine mutueli haikuikubali popote, ndiyo maana hata kurudishiwa pesa baadaye ni shida. Hili nimelisema mara nyingi na bado watu wanakopa jirani kulipia kitu walichokwisha kukichangia mwaka mzima!

Kwa hiyo anzia kituo chako cha afya. Nta iliyoziba sikio mara nyingi inaishia hapo. Muuguzi akiona inamshinda, ataandika barua ya transferi, ya kukutuma hospitali. Isome kabla hujatoka mlangoni: jina kama lilivyo kwenye kadi, namba ya kadi, tarehe, sababu ya kukutuma, neno ORL, muhuri. Kadi ikisema Bahati na barua ikisema Baati, kaunta watakurudisha, na wana haki. Kisha piga simu hospitali ujue bingwa anapokea siku gani, ndipo uchukue boni, yaani karatasi ya mutueli ya kukubali kulipa, kwa sababu boni ina tarehe ya kuisha na bingwa hakai kila siku. Hakikisha mchango wako haujachelewa.

Tena, boni ya kuonwa na daktari inalipia kuonwa tu. Kipimo cha kusikia, kamera ya puani, skana: ombeni ruhusa ya kila kimoja kabla hakijafanywa. Ulizeni pia asilimia mtakayolipa wenyewe. Vifaa vya kusikia tutavizungumza siku nyingine, saa inakwisha.

Ila kuna lisilongoja boni. Mtoto akiingiza betri ndogo ya saa puani au akiimeza, inaweza kuunguza nyama ya ndani kabla masaa mawili hayajaisha. Msimtie matone puani, yanazidisha. Mkimbizeni hospitali, mwingine wa nyumbani aende kuarifu mutueli siku hiyohiyo. Na mtu mzima aliyeamka sikio moja halisikii kabisa aonwe leo au kesho, maana dawa yake ikichelewa wiki kadhaa haimsaidii sana.