Ombi la Mama la hati, na mtakatifu aliyegawa ekari zake

Tumsifu Yesu Kristo! Na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Mkiniona nahema hivi msije mkaandika kwenye maoni kwamba nimenenepa. Niko kwenye ngazi. Zinapanda mlima huu hadi pango la Mtakatifu Antoni, zaidi ya 1,100, na hapa nilipo sijui ni ya ngapi, hesabu ilinipotea pale bibi mmoja wa Kimisri mwenye fimbo aliponipita. Kanipita kabisa, na mfuko wa machungwa mkononi.

Ngoja niwageuzie kamera. Pale chini penye mitende, kuta za rangi ya mchanga, minara yenye misalaba, mnaona? Ndiyo monasteri ya Mtakatifu Antoni. Hili ni jangwa la mashariki mwa Misri, na Bahari ya Shamu iko upande ule. Tumetoka Cairo saa kumi alfajiri kwa basi la parokia ya jirani zangu Wakopti, Wakristo wa asili wa Misri, mimi Mkatoliki nimedandia tu. Tumefuata bahari mpaka Zafarana kwenye yale mapangaboi makubwa ya umeme wa upepo, halafu tukaiacha bahari tukaingia jangwani. Hakuna mti. Njia nzima akina mama wanaimba, na mimi napewa mkate wenye taamiya, zile bajia zao za maharage. Wamefunga, hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Kwa mwaka wanafunga zaidi ya siku 200. Sisi na Kwaresima yetu ya siku 40 tunalalamika kama tumefungwa jela.

Sasa, kwa nini nimekuja. Mnamjua mama yangu wa Kibosho, kwenye video za Krismasi mnamwona. Mama ana hati ya kiwanja alichoacha marehemu baba, na hiyo hati haionekani tangu walipohamisha vitu wakati wa kupaka rangi. Kusikia tu nakwenda kwa Mtakatifu Antoni, akapiga: "Mwanangu, umwambie hati yangu. Huyo ndiye wa vitu vilivyopotea."

Nikamwambia, Mama, siye. Wa vitu vilivyopotea ni Antoni wa Padua, yule wa sanamu ya kubeba Mtoto Yesu. Huyu wa huku ni Antoni Abate, wa tarehe 17 Januari, amemtangulia mwenzake miaka zaidi ya 900. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Si wanajuana?"

Na kweli wanajuana! Yule wa Padua kwao Ureno alibatizwa Fernando. Mwaka 1220 alipoingia kwa Wafransisko, kwenye kinyumba chao kilichowekwa chini ya Antoni huyu wa jangwani, akachukua jina lake. Kwa hiyo huyu ndiye somo wake. Mama kapeleka ombi kwa mkubwa wa ofisi.

Shida ni moja, na nimeipata leo asubuhi nikisimuliwa na Abuna mmoja, ndivyo wanavyowaita mapadre na watawa. Antoni alizaliwa kama mwaka 251, kwao watu wenye mali. Wazazi wakafa yeye bado kijana wa miaka 18 au 20, wakamwachia mdogo wake wa kike na shamba. Siku moja kaingia kanisani akasikia Injili inasomwa, uza ulivyo navyo uwape maskini. Katoka pale pale, shamba lote kawagawia wanakijiji. Aroura 300 za ardhi yenye rutuba! Kwa vipimo vyetu ni kama ekari 200. Jamani, ekari 200 ubavuni mwa Mto Nile! Kwetu Kibosho watu hawasalimiani miaka kumi kwa sababu ya migomba sita mpakani. Na mdogo wake akampeleka akalelewe na mabikira. Hapo mimi namkatia rufaa kidogo, maana sijasikia popote kwamba binti aliulizwa.

Halafu ndiyo akaingia jangwani, akazidi kuzama ndani kila watu walipomfuata, mpaka akafika kwenye mlima huu. Alifariki mwaka 356, ana miaka 105. Mliosoma kwa Wabenediktini wa Peramiho au Ndanda, wale mabradha wa kengele na sala za usiku, chimbuko la maisha yale mlitafute huku.

Monasteri yenyewe zamani haikuwa na mlango. Niliona kapi la mbao juu ya ukuta, na kamba nene kama mkono wangu. Kwa karne nyingi mgeni alivutwa juu kama gunia la mahindi, kwa kuogopa wavamizi, na hata hivyo mwishoni mwa karne ya 15 walivamiwa na watawa wakauawa. Kanisani kuna michoro ya mwaka 1232 na 1233, ya mchoraji aitwaye Theodore na wenzake. Ilikuwa nyeusi tii kwa moshi wa mishumaa na ubani, na wenyewe wanasema Mabedui nao walipikia humo. Mafundi kutoka Italia wakaisafisha miaka ya 1990, na sasa farasi wa watakatifu wanakutazama kwa macho meupe kabisa. Nimetoka Moshi kuja kushangaa moshi uliotolewa.

Haya, nimeshafika juu na kurudi, nawarekodia tena niko chini. Kule pangoni sikurekodi. Unavua viatu, unaingia ubavu ubavu kwenye ufa wa mwamba. Jiwe limelainika kama sabuni kwa mabega ya watu. Ndani kabisa kuna altare ndogo, na kwenye nyufa watu wamechomeka vikaratasi vya maombi. Yule bibi wa machungwa alikuwa ameshapiga magoti. Na mimi nikachomeka cha mama: namba ya kiwanja, jina la baba, tafadhali.

Nilipomweleza Abuna akacheka mpaka ile kofia yake nyeusi ya misalaba ikamkaa upande. "Umemwomba hati mtu aliyegawa shamba lake?" Kisha akanipa mkate wa baraka, maana komunyo yao mimi siruhusiwi. Huu hapa, una misalaba umegongwa muhuri juu, nitamkaushia mama.

Nikampigia, mtandao ukakubali. Nimemsimulia yote, ekari 200 na kucheka kwa Abuna. Akasema, "Yeye aligawa kwa hiari yake. Mimi sijagawa, nimepotelewa. Rudi umwambie hivyo."

Nirudi, ngazi zile! Basi linapiga honi.